Polly Farmer na pasi ya mkono

Kuna barabara kubwa mjini Perth, magharibi mwa Australia, inaitwa Graham Farmer Freeway. Ilifunguliwa mwaka 2000. Kipande chake kimoja kinapita ndani ya handaki, chini ya mtaa wa Northbridge, na magari yanaingia na kutoka humo usiku na mchana. Likariri hilo jina la mtaa, Northbridge, maana tutalirudia.

Perth sijafika. Farmer nimemjua nikiwa hapa hapa Dar es Salaam, kwenye dawati la michezo, na nilimfikia kwa njia ya kuzunguka. Mwaka 2021 nilikuwa nahangaika kujaza ukurasa, nikakutana na jina la Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide aliyekuwa ametajwa kwenye kikosi bora cha mwaka cha ligi ya Australia. Aliir kazaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Nikasema hii sasa ni habari yetu. Mhariri akasoma mistari miwili, akaniuliza: "Huo mchezo wenyewe ukoje?" Nikababaika. Nilikuwa nimeandika habari ya mchezaji bora wa mchezo nisioujua.

Nikaanza kuutazama. Kuelewa mchezo ni jambo moja, kuujua ni jingine, na kuujua kunataka uulize nani walitangulia. Kila nilipouliza hivyo, jina lile lile lilirudi.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa kifupi. Uwanja una umbo la yai, na mpira nao una umbo la yai. Kila timu ina watu 18 uwanjani. Kila upande una nguzo nne. Ukiupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya zile mbili za katikati ni pointi 6, ukipita pembeni yake ni pointi 1. Hakuna kuotea. Mpira unaruhusiwa kuudaka, kukimbia nao huku unaudundisha, na kuupiga teke. Kitu usichoruhusiwa ni kuurusha. Ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono, unaulaza mpira kwenye kiganja kimoja, halafu unaupiga ngumi kwa mkono wa pili. Mimi nitaiita pasi ya mkono.

Sasa, hiyo pasi ya mkono kabla ya miaka ya 1950 ilikuwa pasi ya mtu aliyebanwa. Umezingirwa, mguu hauna nafasi, basi unamsukumia mwenzako wa karibu mzigo uondoke. Mchezo ni wa teke, na mwanamume alipimwa kwa teke. Farmer ndiye aliyeichukua pasi ile ya unyonge akaifanya silaha ya kushambulia.

Alikuwa anacheza nafasi ya mrukaji. Enzi hizo mwamuzi alikuwa anaudundisha mpira katikati ya uwanja, unapaa, na watu wawili warefu, mmoja wa kila timu, wanaurukia. Kazi ya mrukaji ilikuwa kuupiga mpira kofi uangukie upande wa wenzake, basi. Farmer, mwenye urefu wa sentimita 191, hakuwa mrefu kuliko wenzake wa nafasi ile, lakini aliruka mapema. Alimtangulia mpinzani hewani, akajipa nafasi, na mara nyingi badala ya kuupiga kofi aliudaka kabisa. Kisha ngumi, na mpira unamkuta mwenzake aliyekwisha kuanza kukimbia kuelekea goli. Pasi ndefu, iliyonyooka, ya mbele. Leo ukiwasha mechi ya ligi ile utaona pasi za mkono kwa mamia, utadhani mchezo ulizaliwa nazo.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu jinsi alivyojifunza. Akiwa kijana anayefanya kazi kwenye magari, alikuwa akifungua kioo cha dirisha la gari, anasimama kwa mbali, anapiga pasi ya mkono ipite dirishani. Akishapatia anarudi nyuma hatua kadhaa, anaanza tena. Kila nikikumbuka kisa hiki najiuliza ni nani alikuwa anamtazama. Nadhani hakuna.

Graham Vivian Farmer alizaliwa tarehe 10 Machi 1935, North Fremantle. Mama yake alikuwa Mnoongar, watu wa asili wa kusini magharibi mwa Australia. Kabla hajatimiza miaka miwili alikuwa tayari yuko kwenye makao ya watoto ya Sister Kate's, kitongoji cha Queens Park, Perth.

Hapa inabidi tusimame kidogo. Makao yale yalianzishwa mwaka 1933 na Kate Clutterbuck, mtawa wa Kianglikana kutoka Uingereza, kwa makubaliano na A. O. Neville. Kama umetazama filamu ya Rabbit-Proof Fence ya mwaka 2002, Neville ndiye yule bwana mkubwa wa serikali anayewatafuta wale wasichana watatu waliotoroka. Cheo chake kilikuwa Mlinzi Mkuu wa Waaborijini wa Australia Magharibi, tangu 1915, na neno hilo "mlinzi" usilichukulie kwa maana ya nyumbani kwako. Sheria ilimpa mamlaka juu ya watoto wa watu. Imani yake ilikuwa kwamba watoto wenye damu mchanganyiko wakitengwa na ndugu zao, wakalelewa kizungu, wakaoana na weupe, baada ya vizazi kadhaa Uaborijini utayeyuka wenyewe kama sukari kwenye chai. Sister Kate's palikuwa mahali pa watoto wenye rangi nyepesi zaidi. Yaani mtoto alipimwa kwa macho kama kitambaa dukani.

Inaelezwa kwamba Farmer hakunyang'anywa mikononi mwa mama yake. Mama mwenyewe ndiye aliyempeleka. Na Farmer, alipokuwa mtu mzima, aliyazungumzia makao yale kwa shukrani kuliko kwa uchungu. Mimi siwezi kumfundisha mtu jinsi ya kukumbuka utoto wake. Ila naweza kusema hivi: mama asiye na haki ya kuishi anakotaka, akimpeleka mwanawe kwa watawa, neno "hiari" hapo linabeba mzigo mzito. Mwaka 1997 tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ilitoa ripoti iliyoeleza habari za watoto walioondolewa kwao kwa miongo kadhaa, na tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd akasimama bungeni kuomba radhi.

Utotoni Farmer aliugua polio, ikamwachia mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwenzake. Alikuwa msemaji, anapayuka kama kasuku, ndiyo maana wakambandika jina la Polly, jina ambalo Waingereza huwapa kasuku wao. Mtoto wa polio, mguu mfupi, jina la kasuku. Wavulana wa makao yale wakishakua walitarajiwa kwenda kufanya vibarua mashambani, na wasichana kazi za ndani. Mpira ukamvusha yeye na mwenzake mmoja. Ted Kilmurray, mtoto mwingine wa Sister Kate's, alicheza naye East Perth na akaja kutwaa Medali ya Sandover, tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Australia Magharibi, mwaka 1958. Makao yaliyojengwa ili Uaborijini uyeyuke yakautoa mpira wa magharibi mafundi wawili.

Farmer alianza kuichezea East Perth mwaka 1953, na hapa ndipo narudi kwenye handaki.

Kuanzia mwaka 1927 katikati ya mji wa Perth palitangazwa kuwa eneo la marufuku kwa Waaborijini. Bila kibali au kazi inayotambulika, hukuruhusiwa kuonekana humo. Marufuku ile iliondolewa mwaka 1954. Piga hesabu: msimu wa kwanza wa Farmer, mji uliokuwa unajaa uwanjani kumshangilia ulikuwa bado umefungwa kwa ndugu wa mama yake. Northbridge ya leo ilikuwa ndani ya mpaka ule. East Perth, mtaa ulioipa klabu yake jina, nao ulikuwa ndani ya mpaka. Barabara yenye jina lake imepita humo humo.

Mle uwanjani alitawala. Aliichezea East Perth mechi 176, akatwaa ubingwa wa 1956, 1958 na 1959. Klabu ilimtaja mchezaji wake bora mara saba katika misimu tisa. Medali ya Sandover aliipata 1956 na 1960. Mwaka 1957 alilingana kura na mwenzake, akapoteza kwa kanuni za kuhesabu. Miaka 40 baadaye, mwaka 1997, ligi ikakiri na kumpa medali ya mwaka huo pia.

Klabu za Victoria, kule mashariki ambako ndiko kwenye ligi kubwa, zilikuwa zikimmezea mate muda mrefu. Geelong ikampata mwaka 1962. Mechi ya kwanza kabisa, goti likaumia, na msimu ule ukaishia hivyo hivyo kwa kuchechemea. Unaweza kuwaza magazeti ya Melbourne yalivyomtazama yule mtu wa magharibi waliyesifiwa weee, halafu anakaa benchi na bandeji.

Mwaka 1963 akajibu. Geelong ilifika fainali na kuifunga Hawthorn 109 kwa 60, mbele ya watu zaidi ya laki moja. Karibu yake alikuwa Billy Goggin, mtu mfupi mwenye mbio, na wale wawili walielewana kama mtu na kivuli chake: Farmer anaruka, Goggin amekwisha kuondoka. Ubingwa ule haukurudi Geelong kwa miaka 44. Walipouchukua tena ilikuwa 2007, na wazee waliokuwepo 1963 walikuwa wanawaonyesha wajukuu picha za Farmer.

Kuanzia 1965 alikuwa nahodha wa Geelong. Mwaka 1967 ni mwaka ninaoupenda kuutazama kwa karibu. Tarehe 27 Mei mwaka huo Waaustralia walipiga kura ya maoni kubadili katiba, ili pamoja na mengine Waaborijini wahesabiwe kwenye sensa ya taifa kama watu wengine. Zaidi ya asilimia 90 walisema ndiyo. Miezi minne baadaye Farmer akaiongoza Geelong kwenye fainali dhidi ya Richmond. Walishindwa kwa pointi 9 tu. Nahodha wa fainali kubwa kuliko zote nchini alikuwa mtoto wa watu ambao mwanzoni mwa mwaka ule katiba ilikuwa haiwahesabu.

Baada ya mechi 101 za Geelong akarudi Perth, safari hii West Perth, kama nahodha na kocha kwa pamoja. Akachukua ubingwa wa 1969 na wa 1971, na mara zote mbili aliyefungwa kwenye fainali ni East Perth, klabu iliyomlea. Mpira hauna adabu kwa wazee wake. Mwaka 1971 akastaafu kucheza, na mwaka huo huo akapewa nishani ya MBE ya Malkia wa Uingereza.

Chanda chema huvikwa pete. Mwaka 1996 ligi ilipoanzisha ukumbi wake wa mashujaa, Farmer alikuwa mmoja wa magwiji 12 wa kwanza. Mwaka 2005 kilipotajwa kikosi cha karne cha wachezaji wenye asili ya Waaborijini, nahodha alikuwa yeye. Neville angelisoma orodha ile sijui angesema nini. Yule mtoto aliyewekwa Queens Park ili asahau ni wa nani, anatajwa nahodha wa watu wake.

Lakini mimi nina swali lililonisumbua, na nadhani msomaji naye analo. Alisema nini? Mwaka 1993 Nicky Winmar wa St Kilda, baada ya kutukanwa na mashabiki mchana kutwa, aliinua fulana yake akaionyesha ngozi yake kwa kidole. Picha ile haifutiki. Mwaka 2013 Adam Goodes wa Sydney alisimama katikati ya mchezo akamwonyesha mlinzi shabiki aliyemwita nyani. Miaka miwili baadaye alizomewa hadi akaacha mpira. Farmer hana picha ya namna hiyo. Ukimtafuta kwenye picha utamwona hewani, mkono umenyooka, macho yako kwenye mpira.

Nilipoanza kumsoma nilimwona kama mtu aliyekwepa. Nina miaka thelathini na ushee, nimekulia zama za kila mtu kutoa tamko, na ukimya wa wazee huwa naupa tafsiri haraka. Siku hizi sina uhakika huo. Mwaka 1953 Winmar hajazaliwa, Goodes hajazaliwa, na mji wenyewe umefungwa. Mtu aliyelelewa afanane na wengine, angesimama wapi kusema mimi si kama nyinyi? Alichoweza kufanya ni kucheza kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuicheza, hadi wote wakalazimika kumwiga. Sisemi hiyo ni sawa na kuinua fulana. Nasema bila kizazi kilichofanya kile, sioni hiki cha pili kingesimama juu ya nini.

Sasa sehemu niliyoiogopa kuiandika.

Kuruka mapema kuna bei yake. Ukitangulia hewani, magoti, viwiko na vichwa vya watu vinakukuta huko huko juu. Farmer alifanya hivyo kwa misimu 19, mechi zaidi ya 350 za klabu peke yake, achilia mbali za timu ya jimbo. Uzeeni kumbukumbu zikaanza kumtoka, madaktari wakasema ni Alzheimer. Alifariki tarehe 14 Agosti 2019 akiwa na miaka 84. Familia yake ikakubali ubongo wake uchunguzwe.

Majibu yalitangazwa mwaka 2020. Ndani ya ubongo wa Farmer wachunguzi walikuta CTE, ugonjwa unaotokana na kichwa kupigwa mara nyingi kwa miaka mingi, ambapo protini iitwayo tau inajikusanya na kuharibu chembe za ubongo. Hauonekani kwa uhakika mtu akiwa hai. Mpaka afe, ubongo ukatwe na kutazamwa. Farmer akawa mchezaji wa kwanza wa ligi ile kuthibitishwa kuwa nao. Kabla mwaka haujaisha akafuata Danny Frawley, aliyekuwa nahodha wa St Kilda. Januari 2021 likatangazwa jina la Shane Tuck wa Richmond.

Na tusidanganyane kwamba dunia ilikuwa haijui. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wakipepesuka na kupotewa na maneno kama walevi, kwa sababu ya ngumi za kichwa. Farmer alizaliwa miaka saba baadaye. Michezo mingine ilijiambia kwamba hayo ni ya mabondia. Ligi ya Australia ilianza mwaka 2021 kumzuia aliyepata mtikisiko wa ubongo asicheze kwa siku zisizopungua 12. Machi 2023 wachezaji wa zamani wakafungua kesi ya pamoja katika Mahakama Kuu ya Victoria, wakidai fidia.

Basi mtu aliyeufundisha mchezo pasi ya mkono, pasi yake ya mwisho kaipiga akiwa amekufa. Hajui aliyeipokea ni nani.

Mimi nimeipokea kwa aibu kidogo. Miaka michache nyuma niliripoti mechi moja hapa kwetu. Beki aligongana kichwa na mshambuliaji, akalala chini kama dakika tatu, akamwagiwa maji, akainuka, akarudi uwanjani huku hajui vizuri goli lao ni lipi. Jukwaa zima lilisimama kumpigia makofi. Nami nikaandika kwamba alionyesha moyo wa simba. Niliipenda sana sentensi ile. Nilimsomea na mwenzangu wa dawatini kabla sijaituma.

Baada ya kusoma habari za Farmer niliitafuta ile ripoti, nikaisoma upya yote. Nilikuwa nimeandika mfungaji na dakika ya kila bao, kadi zote, idadi ya kona. Dakika aliyogongwa yule beki sikuiandika.

Siku hizi naandika. Dakika aliyogongwa, na dakika aliyorudishwa ndani, kama amerudishwa. Mhariri huwa anazikata kwa sababu ya nafasi, nami wiki inayofuata naziweka tena.